Unywaji wa Kiasi Chuoni: Mwongozo kwa Wanaoandaa Sherehe za Wanafunzi Nairobi

Mwongozo huu umeandikiwa kiongozi wa darasa, mwenyekiti wa klabu, mwakilishi wa hosteli, au mwanafunzi yeyote ambaye wenzake humtegemea kuandaa sherehe. Haukuandikiwa mhadhiri wala mzazi, kwa sababu mambo yanayoamua iwapo wanafunzi watakunywa kwa kiasi au watalewa chakari huamuliwa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, na wanaoyaamua ni wale wanaokusanya pesa, wanaochagua mahali na wanaokwenda dukani. Mabango ya kukemea ulevi yamebandikwa kwenye mabewa yetu tangu zamani, na sioni kama yamemfanya mtu yeyote aweke glasi chini.

Anza na mchango

Sherehe nyingi za wanafunzi, ziwe katika vyumba vya kukodi vya Roysambu na Kahawa Wendani, ziwe katika hosteli za Ngara na Madaraka, huanza kwa mchango. Kila mtu humtumia mweka hazina kiasi fulani kwa M-Pesa, naye hununua nyama, soda na pombe kwa mkupuo mmoja. Utaratibu huu huonekana kuwa wa haki, lakini una kasoro kubwa, kwamba aliyechangia pombe hutaka kunywa haki yake. Mtu ambaye angetosheka na bia moja hunywa tatu ili asionekane mjinga aliyewagharamia wengine, asiyekunywa hulipia ulevi wa wenzake, na kwa kuwa chupa ni ya wote, hakuna anayejua mwenzake amekunywa kiasi gani. Mambo huharibika zaidi majuma yale ambayo pesa za HELB, yaani mikopo ya serikali kwa wanafunzi, zimeingia, kwa maana chupa huongezeka ilhali idadi ya watu ni ileile.

Tenganisha pesa hizo. Mchango wa pamoja ulipie chakula, maji, soda, muziki na nauli ya kurudi, na anayetaka pombe ajinunulie mwenyewe. Ujumbe wa kutangaza sherehe unaweza kuwa mfupi tu: “Mchango ni shilingi 600, za pilau, soda, maji na teksi ya kurudi. Anayetaka bia atajinunulia.” Mara ya kwanza watakuwapo wa kunung’unika, hasa wale waliozoea kunywa zaidi ya walichochanga, na hao ndio hasa ambao utaratibu wa zamani ulikuwa ukiwafadhili.

Chakula nacho kiliwe mapema. Tumbo lenye pilau au chapati na maharagwe hupunguza kasi ya pombe kuingia katika damu, lakini nyama choma inayofika saa nne usiku, wakati watu wameanza kunywa saa kumi na mbili jioni, imechelewa mno kuwafaa.

Vipimo ambavyo kila mnywaji anapaswa kuvijua

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Kota ya pombe kali, yaani mililita 250 zenye kilevi cha asilimia 40, ina karibu gramu 80, ambazo ni sawa na bia nne. Mzinga wa mililita 750 ni bia kumi na mbili. Kwa hiyo wanafunzi wanne wanaogawana mzinga mmoja huku wakijiambia kuwa “wameonja tu” wamekunywa bia tatu kila mmoja, na mara nyingi huwa wamezinywa ndani ya saa moja. Ini la mtu mzima, kwa wastani, huondoa kati ya gramu 7 na 10 za kilevi kwa saa, kwa hiyo bia moja huhitaji saa mbili au zaidi kuisha mwilini. Kahawa, maji baridi, kutapika na kucheza densi havibadilishi hesabu hiyo hata kidogo.

Hatari kubwa iko katika kumimina kwa kukadiria. Chukua glasi ya plastiki ya mililita 300, ijaze pombe kali hadi thuluthi yake, kisha imalizie kwa soda. Glasi hiyo ina zaidi ya bia moja na nusu ndani yake, na utamu wa soda huficha ukali wote, hivyo mtu huinywa kama anayekata kiu. Wekeni mezani kipimo cha toti cha mililita 30, na mkubaliane kwamba toti mbili zihesabiwe kuwa bia moja. Msichanganye pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu kafeini huondoa usingizi bila kuondoa ulevi, na mtu hujiona timamu wakati miguu yake imekwisha kumsaliti. Ifahamike pia kwamba mwanamke na mwanamume wa uzito sawa wakinywa kiasi kilekile, kwa kawaida damu ya mwanamke huwa na kilevi kingi zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kukizimua.

Naomba jambo moja lisieleweke vibaya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kunywa kwa kiasi ni kupunguza madhara, wala si tiba ya moyo kama wasemavyo wajuaji wa baa.

Sheria, na pombe za bei rahisi

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti chuoni wakiwa na miaka 17, kwa hiyo sherehe ya kuwakaribisha wageni ndiyo isiyofaa kabisa kuwekewa pombe, na kwa maoni yangu iwe ya soda na chakula kwa wote bila kubagua.

Pombe isiyojulikana ilikotoka isinunuliwe hata ikiwa nusu ya bei. Methanoli, kilevi chenye sumu kilichomo katika pombe chafu, huanza kuumiza saa nyingi baada ya kunywewa, mara nyingi siku ya pili, wakati mtu anadhani ana uchovu wa kawaida tu, na dalili yake inayotisha zaidi ni macho kuona ukungu. Mwezi Februari 2024 watu walikufa katika kaunti ya Kirinyaga kwa pombe ya namna hiyo. Stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, iliyo kwenye chupa ikaguliwe kwa programu ya simu ya Soma Label kabla ya kulipa, kwa sababu stempu yenyewe pia hughushiwa.

Mpe asiyekunywa nafasi yake

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo walidhani wenzao wanauchukulia ulevi kwa wepesi kuliko ilivyokuwa kweli, na matokeo ya aina hiyo yameonekana katika vyuo vingine vingi tangu wakati huo. Sababu yake si ngumu kuiona, kwani mlevi mmoja anayeimba kwenye ngazi za hosteli saa tisa usiku husikika na jengo zima, ilhali waliolala bila kunywa hawasikiki. Mwanafunzi mpya huhesabu sauti, kisha hujilinganisha nazo.

Kazi ya mwandalizi hapa ni kuwafanya wasiokunywa waonekane. Soda, maji na sharubati ziwe katika meza ileile na glasi zilezile, wala zisifichwe nyuma ya mlango wa jikoni. Asiulizwe mtu kwa nini hanywi, maana mmoja ni Mwislamu, mwingine ni mlokole, mwingine anatumia dawa, mwingine ana baba mlevi nyumbani na hataki kulieleza hilo mbele ya watu ishirini. “Leo nakunywa soda” ni jibu linalojitosheleza. Mashindano ya kunywa yasiruhusiwe. Kuwe na shughuli nyingine ya kweli, iwe karata, mpira kwenye runinga au muziki wa kucheza, kwa sababu watu waliokaa kuzunguka meza ya chupa bila la kufanya watafanya lililo mbele yao.

Wasimamizi wa usiku

Wateueni watu wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke, ambao usiku huo hawatakunywa kabisa, na kazi hiyo izunguke ili isimwangukie mlokole yuleyule kila mara. Wasimamizi ndio wenye orodha ya waliokuja, namba za simu na pesa za teksi. Aliyelewa asipande boda boda, asiachwe avuke Thika Road peke yake, na asiondoke na mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Nairobi kila mtu amesikia habari za kuwekewa “mchele”, yaani dawa ya kulevya au ya usingizi inayotiwa kinywajini kwa siri, kwa hiyo kinywaji kilichoachwa mezani bila mwenyewe kimwagwe, na anayelegea ghafla kuliko alivyokunywa apelekwe hospitalini mara moja.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimhesabu mtu aliyelewa kiasi cha kupotewa na fahamu kuwa ameridhia tendo la ndoa. Lisemwe hilo waziwazi mwanzoni mwa muhula. Aliyedhulumiwa asioge, na afike hospitalini haraka, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72.

Mtu akizidiwa

Kuna tofauti kati ya kulala na kuzimia. Mwite mwenzako kwa jina, mtikise bega, mfinye. Asipoamka, inama utazame kifua chake kwa dakika moja nzima huku ukihesabu. Pumzi pungufu ya 8 kwa dakika, au mwanya wa zaidi ya sekunde 10 kati ya pumzi mbili, ni hatari ya kifo. Hatari ni ileile ikiwa mwili umekuwa baridi, au midomo, ufizi na kucha vimegeuka rangi kuwa bluu au kijivu, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi sehemu hizo ndizo za kutazamwa kwanza.

Piga simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na gari la wagonjwa likichelewa tumia teksi hadi hospitali iliyo karibu. Wakati unasubiri, mlaze ubavu, kunja goti la mguu wa juu lishike sakafu asibingirike, na uelekeze mdomo chini ili matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Asilazimishwe kutapika, asimwagiwe maji, asinyweshwe kahawa wala maziwa, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa yanaua kila sumu. Asiachwe peke yake, kwa sababu kilevi kilicho tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Chupa aliyokuwa akiinywea ipelekwe hospitalini pamoja naye.

Kinachowachelewesha wanafunzi kupiga simu hiyo, zaidi ya ujinga, ni hofu. Hosteli nyingi hukataza pombe, kwa hiyo wenzake humfunika blanketi wakiomba apate nafuu kabla mlinzi hajajua. Viongozi wa wanafunzi waende kwa msimamizi wa wanafunzi wakiwa na ombi moja lililoandikwa, kwamba anayeita msaada, pamoja na anayeitiwa, wasiadhibiwe kwa kosa la kunywa usiku huo. Likikubaliwa, lisomwe mbele ya wanafunzi wote na libandikwe penye namba za simu za dharura.

Yule ambaye tatizo lake halikuanzia kwenye sherehe

Anayekunywa asubuhi, anayekopa ili anywe, au anayekosa mitihani anahitaji mtu mmoja amkalishe faraghani, si kikao cha kumsuta. Mwelekeze kwa mshauri wa chuo, au kwenye namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo haitozwi malipo. Ikiwa anakunywa kila siku, msimnyang’anye pombe ghafla, kwani kuacha kwa mkupuo kunaweza kumletea degedege, na ni daktari anayepaswa kumsimamia.

Juma moja baada ya sherehe, kamati ikutane kwa nusu saa na iandike gharama zilizotumika, chakula kilipofika, idadi ya waliorudishwa kwa teksi, na mahali ambapo mambo nusura yaharibike. Karatasi hiyo akabidhiwe kiongozi mpya pamoja na hesabu za fedha, kwa kuwa uongozi wa wanafunzi hubadilika karibu kila mwaka na anayeingia hurithi mazoea ya mchango wa zamani asipokuta mengine yameandikwa.