Kabla ya Kufuta Diski na Kupiga Windows Upya: Mambo ya Kuzingatia

Kusimika Windows upya kwenye kompyuta yenye diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, ni kazi ya nusu saa hivi, na mafundi wengi wa mitaani huifanya huku wakihudumia wateja wengine wawili. Ndiyo maana watu wameizoea kama dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta: ikiwa nzito, ipige Windows, ikijaa matangazo, ipige Windows, ikigoma kuwaka, ipige Windows. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya nusu saa hiyo kuna hatua moja, ile ya kufuta sehemu za diski, ambayo hairudi nyuma, na kwamba kilichopotea hapo kwa kawaida hugunduliwa wiki ya pili au ya tatu, mwenye mashine anapotafuta hesabu za mwaka jana. Maelezo haya yanamhusu hasa mwenye laptopu ya Windows ya kazi, awe mwalimu, mhasibu au mmiliki wa duka la steshenari.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ugonjwa wenyewe unatibika kwa dawa hii. Laptopu inayochukua dakika tano kuwaka na kugandaganda kila unapofungua folda inaweza kuwa na Windows iliyochoka, lakini inaweza pia kuwa na diski ya sahani inayokufa, na kusimika mfumo mpya juu ya diski ya namna hiyo ni kupaka rangi nyumba iliyotitia msingi. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Ikitoa tahadhari kuhusu sekta zilizoharibika, acha mengine yote, nakili mafaili muhimu, na usiikabidhi tena diski hiyo kazi ya maana. Kwa anayemudu, njia ninayoiona salama kuliko zote ni kutofuta chochote: unanunua SSD mpya, unaichomoa diski ya zamani na kuiweka kabatini jinsi ilivyo, kisha Windows inasimikwa kwenye ile SSD tupu. Ukikumbuka baadaye kitu ulichokisahau, diski ya zamani inaunganishwa kwa kebo ya USB na kitu kinapatikana. Njia hii haiwezekani kwenye baadhi ya laptopu nyembamba ambazo hifadhi yake imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, na wenye hizo hawana budi kufuata hatua zote zinazofuata.

Amua pia mapema ni Windows gani itakayowekwa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kusimika toleo hilo leo ni kuanza upya na kitu kilichokwisha kustaafu. Windows 11 kwa upande wake inataka RAM isiyopungua GB 4, hifadhi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache mno. Laptopu za mtumba zinazoingia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi kutoka Dubai na Ulaya si chache ambazo hazifiki hapo. Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa: katika Core i5-6300U, tarakimu 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi, na kwa hiyo mashine hiyo haimo kwenye orodha ya Microsoft, hata kama kuna fundi anayejua kuilazimisha ikubali. Kulazimisha huko kunafanya kazi, ila Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya aina hiyo itaendelea kupokea masasisho. Kwa mtu anayetumia kivinjari na kuandika barua tu, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye mashine hiyohiyo ni jambo la kufikiriwa.

Laptopu za mtumba zina mtego mwingine usioonekana hadi diski ifutwe. Mashine iliyokuwa mali ya kampuni huko ilikotoka inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa jina la kampuni hiyo katika mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa. Muuzaji anaisimika bila intaneti, nawe unaitumia mwaka mzima bila tatizo, lakini siku unapoisimika upya ikiwa imeunganishwa kwenye mtandao inakudai barua pepe ya kazi na nywila ya kampuni usiyoijua. Nywila ya BIOS, yaani programu inayoamka kabla ya Windows, iliyowekwa na mwenye mashine wa kwanza nayo huweza kukuzuia hata kuiwasha kwa flashi. Ingia kwenye BIOS siku moja kabla uone kama inafunguka, na kama risiti ya muuzaji ipo, itafute.

Baada ya hapo shughulikia usimbaji wa diski, yaani kufungwa kwa data yake ili isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni husimba diski zake zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua. Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48 na kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo. Utauhitaji ikiwa mabadiliko kwenye BIOS, yale yale unayofanya ili kompyuta iwake kwa flashi, yataifanya mashine iushuku mkono wako na kufunga diski kabla hujamaliza kunakili. Utauhitaji pia diski hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine. Uandike kwenye karatasi. Kuuhifadhi kwenye deskitopu ya kompyuta hiyohiyo, kama nilivyowahi kuona, ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Sasa nakala, ambayo ndiyo kiini cha maandalizi yote. Kosa la kawaida si kukataa kunakili; karibu kila mtu hunakili kitu. Kosa ni kuamini kwamba kilichonakiliwa ndicho kilichokusudiwa. Mwalimu mmoja niliyemsaidia alikuwa amebeba ‘mafaili yote ya deskitopu’ kwenye flashi, na aliyajaribu kwa kuyafungua pale pale kabla ya kufuta: mitihani yote ilifunguka. Kumbe alichonakili kilikuwa njia za mkato, vijipicha vya KB 2 kila kimoja vinavyoelekeza tu mahali faili halisi lilipo, na vilifunguka kwa sababu mafaili halisi yalikuwa bado ndani ya diski. Baada ya kufuta, vijipicha vilibaki vinaelekeza kwenye utupu. Tangu siku hiyo siiti kitu nakala mpaka nikifungue kwenye kompyuta nyingine, tena nikifungue hadi ukurasa wa mwisho, maana orodha ya majina haithibitishi kilichomo ndani.

Mahali pa kutafuta ni pengi kuliko deskitopu na folda ya nyaraka. Folda ya vilivyopakuliwa huwa ghala la mikataba, stakabadhi na vyeti ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvihamisha. Anayetumia Outlook kwa akaunti ya POP, yaani ile inayoshusha barua na kuziondoa kwenye seva, ana barua za miaka ndani ya faili moja lenye mkia wa .pst, ambalo lisiponakiliwa, barua hizo hazipo popote pengine duniani. Programu ya uhasibu kama Tally huweka data yake kwenye folda iliyo nje kabisa ya nyaraka za mtumiaji. Njia yake inaonekana ndani ya programu yenyewe, na pamoja na kunakili folda hiyo ni vyema kutoa nakala kwa kutumia huduma ya programu hiyohiyo. Vyeti vya kidijitali vinavyotumika kutia saini au kuingia kwenye mifumo hukaa ndani ya Windows na lazima vitolewe pamoja na ufunguo wake wa siri, la sivyo unabaki na karatasi isiyo na mhuri. Kuna pia fonti zilizonunuliwa, violezo vya kadi za harusi, saini iliyoskaniwa, na alamisho na nywila za kivinjari. Nywila zikitolewa kwenye faili husomeka na yeyote atakayelifungua, kwa hiyo faili hilo lifutwe mara tu zitakaporejeshwa.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inastahili neno lake. Huduma hiyo ya bure ina GB 5 tu, na ikijaa huacha kupandisha mafaili mapya huku mtumiaji akidhani yanahifadhiwa. Alama ya wingu pembeni ya faili maana yake liko mtandaoni pekee, na alama ya mishale inayozunguka maana yake halijafika. Ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, kwenye simu au kompyuta nyingine, uone kwa macho yako kilichofika huko. Hakikisha vilevile kwamba namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo bado ni yako, kwa sababu nambari ya kuthibitisha itatumwa huko, na laini iliyoachwa bila kutumika huenda imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine.

Kuhusu chombo cha kunakilia, diski ya nje ni bora kuliko lundo la flashi. Zipo flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikijitangaza kuwa za TB 1 au 2 ilhali uwezo wake halisi ni GB chache; hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yaliyozidi yanakuwa takataka. Programu ya H2testw hulibaini hilo kwa kuijaza flashi na kuisoma tena. Tenga muda pia: GB 200 kupitia mlango wa USB 2.0, kwa mwendo wa takriban MB 30 kwa sekunde, ni karibu saa mbili, na mafaili madogomadogo mengi huchukua zaidi.

Leseni ziangaliwe kabla ya programu kufutwa, kwa maana baadhi yake hutakiwa kurudishwa. Tally, kwa mfano, ina utaratibu wa kusalimisha leseni kwenye mashine ya zamani ili iweze kuwashwa tena kwenye mfumo mpya. Ukifuta diski kwanza, unajitafutia safari ya kuwaandikia watoa huduma. Windows yenyewe haisumbui sana iwapo ilikuja na kompyuta, kwani tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huweka ufunguo ndani ya mazabodi, lakini toleo lazima lilingane: ufunguo wa Home hauwashi Pro. Office iliyonunuliwa mara moja hufungwa kwenye akaunti ya barua pepe, basi itambue akaunti hiyo. Na kama Office yako iliwekwa na fundi kwa programu ya kukraki, jua kwamba haina cha kurudisha, na kwamba programu za namna hiyo, ambazo hukuomba uzime kinga dhidi ya virusi kwanza, mara nyingine ndizo zilizosababisha uzito unaoukimbia.

Flashi ya kusimikia iandaliwe ukiwa na kompyuta nzima. Chombo cha Microsoft kinahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, ambayo itafutwa yote, na bando la kutosha kwa upakuaji unaozidi GB 5. Weka humo draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, na kwa mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 kwenda juu, draiva ya hifadhi pia, kwa kuwa bila hiyo kisimikaji huweza kusema hakioni diski yoyote na kukutia hofu bure. Ikiwa Wi-Fi itagoma, simu ya Android iliyounganishwa kwa kebo ya USB inaweza kuipa kompyuta intaneti.

Kama kompyuta inauzwa au inagawiwa, kufomati kwa haraka hakutoshi, maana hufuta orodha ya mafaili na kuyaacha mafaili yenyewe yakiokoteka kwa programu za bure. Diski ya sahani ifomatiwe kikamilifu, na tangu Windows Vista hatua hiyo huandika sifuri diski nzima; mzunguko mmoja unatosha. SSD ifutwe kwa amri yake maalumu kupitia BIOS au programu ya mtengenezaji, kwa sababu kuandika juu yake hakufiki kila mahali. Duka la steshenari lenye maelfu ya vitambulisho vya NIDA na vyeti vya wateja vilivyoskaniwa lina wajibu wa kisheria hapa, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa Kenya.

Siku yenyewe, angalia uniti za LUKU au tokeni, chaji betri ijae na uiache laptopu kwenye umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, isubiri siku ambayo umeme hausuasui. Chomoa diski ya nje yenye nakala na kila flashi isipokuwa ile ya kusimikia, kwa sababu skrini ya kuchagua diski haionyeshi majina ya folda, inaonyesha hasa namba na ukubwa, na diski mbili za GB 500 hufanana kama mapacha. Kama diski imegawanywa C na D, amua kabla ya kufika kwenye skrini hiyo kama D inafutwa au inabaki, na uandike ukubwa wa kila sehemu kwenye ile karatasi yenye tarakimu 48. Diski ya nakala isitumike kwa kazi nyingine hadi mwezi mmoja wa hesabu upite na ritani ya kodi iwe imewasilishwa kutoka kwenye mfumo mpya.