SOMO: Lean kwenye karakana na viwanda vidogo, inalipa au ni mabango tu ukutani?

Wakuu salama. Watu wanauliza sana kama hii lean, yaani mfumo wa uzalishaji uliotoka Toyota wa kuondoa upotevu, ikiwemo stoku iliyolala bure, inafanya kazi kweli au ni mambo ya semina. Jibu langu ni kwamba inafanya kazi ila sio kwa kila bosi.

Chukua kiwanda cha magari cha GM (General Motors ya Marekani) pale Fremont, California. Kilifungwa 1982, utoro kazini ulikuwa umezidi, magari mabovu, migogoro kila siku. 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani na chama chao kilekile cha wafanyakazi, na bado magari yakaanza kutoka mazuri. GM wakataka kuuhamishia mfumo huo kiwanda chao cha Van Nuys, ikabuma. Mfumo unataka mfanyakazi akiona kasoro avute kamba ya kusimamisha laini ya uzalishaji, ila mabosi wa pale hawakutaka laini isimame.

Sasa tushuke kwetu, tuseme una karakana ya fanicha kama zile za Keko, Dar.

HATUA YA 1. Chagua bidhaa moja uifuate kwa miguu. Kitanda cha tano kwa sita tu, basi. Shika daftari kuanzia mbao zinashushwa kwenye kirikuu mpaka kitanda kinapakiwa, andika muda kinaposhikwa na mtu na muda kinapokaa tu. Kuchana, kuranda, kuunga, msasa na vanishi ukijumlisha haviwezi kukumalizia wiki, lakini mteja anazungushwa wiki tatu, kwa nini? Angalia ukutani. Fremu zimeegeshwa zinasubiri mpiga vanishi ambaye ni mmoja, na huku mafundi wanaendelea kuunga mpya ili bosi akipita awaone wako bize. Zile fremu ni hela yako imelala, zinapigwa vumbi, nyingine zinapinda, siku ya kupaka unarudia msasa upya. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja upotevu wa aina 7, na huu wa kuzalisha kupita mahitaji ndio aliouona mbaya kuliko yote maana unaficha mingine.

HATUA YA 2. Zile S tano za kupanga sehemu ya kazi: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (usiuache). Wengi wanaishia hapa, wanapiga picha, wanatundika bango. Fanya ila usikae sana.

HATUA YA 3. Weka kikomo. Chora sakafuni nafasi za fremu nne mbele ya mpiga vanishi, zikijaa anayeunga anaacha kuunga, anaenda kusaidia msasa. Hapa roho itakuuma kuona fundi mzuri kashika msasa. Vumilia.

HATUA YA 4. Mpe fundi ruhusa ya kusema hapana. Mashine ya kufuma ya Sakichi Toyoda, mzee wa familia iliyoanzisha Toyota, ilikuwa inasimama yenyewe uzi ukikatika, kitambaa kibovu hakiendelei. Na wewe fundi akikuta ubao mbichi kazi isimame, uende palepale muulizane ulipitaje. Ukimfokea mara moja tu habari imeisha, hatakwambia tena, ataufunika na vanishi.

HATUA YA 5. Pima siku kutoka oda mpaka kupakia. Ndio kipimo chako, mambo ya nani yuko bize achana nayo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu mafundi wangu nawalipa kwa kipande, nikiwaambia waache kuunga si wataondoka?

Jibu: Wataondoka kweli, na watakuwa na haki. Malipo ya kipande yanapigana na hatua ya 3 na ya 4 moja kwa moja, nani atasimamisha kazi inayompa hela ya kula? Weka posho ya siku halafu bonasi ya timu nzima kwa kila kitanda kilichopakiwa bila kasoro. Usipogusa malipo bora usianze.

Dada wa Singida: Mimi nakamua alizeti, hizo za kutoweka stoku zitaniua, mbegu zinapatikana msimu tu.

Jibu: Dada yangu weka stoku, tena jaza godauni. Hata Toyota baada ya tetemeko la Japani la 2011 waliwataka wasambazaji wao waweke akiba ya chipu za elektroniki za magari ya miezi 2 hadi 6, ndio maana uhaba wa chipu wa 2021 ulivyoanza walihimili muda mrefu kuliko wengi. Kikomo weka ndani, kati ya kukamua, kuchuja na kujaza kwenye madumu.

Mdau wa Thika: Huku kwetu bosi alileta konsaltanti wa lean, mwezi uliofuata watu wakafutwa. Sasa hakuna mtu anataka kusikia hiyo kitu.

Jibu: Pole sana ndugu. Hapo hata ningekuwa mimi ningeficha kila dakika niliyookoa. Bosi atangaze mbele ya wote kwamba atakayebaki bila kazi kwa sababu ya maboresho anahamishiwa kitengo kingine, na wamuone akifanya hivyo kwa mtu wa kwanza. Kama hayuko tayari kusema hilo, msipoteze muda na daftari.