Kitabu cha Kutisha cha Halloween: Mtazame Kwanza Atakayedhurika

Usichague kitabu cha kutisha kwa kuangalia zimwi lake. Chagua kwa kumwangalia yule atakayedhurika. Hilo ndilo ninalowajibu wenzangu hapa Minneapolis, Marekani, kila Oktoba, Halloween, ile sikukuu ya vitisho ya tarehe 31, inapokaribia na maduka yanapojaa maboga ya kuchonga na mifupa ya plastiki, nao wakaanza kuniuliza wasome nini. Jini, maiti anayetembea, nyumba yenye mzimu, vyote hivyo ni vyombo tu. Hofu yenyewe humjia msomaji pale anapomwona mtu aliyekwisha kumpenda akielekea mahali asipopaswa kwenda, naye hana njia ya kumzuia.

Kwa hiyo fungua kitabu ukiwa bado umesimama penye rafu, usome sura ya kwanza. Kisha jiulize: huyu akipatwa na jambo, nitaumia? Ikiwa huumii, kirudishe, hata kama jalada limemwagiwa damu yote ya dunia.

Chukua Pet Sematary ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1983. Daktari Louis Creed anahamia jimbo la Maine na mkewe, watoto wawili na paka, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya malori. Kwa kurasa nyingi unaona maisha ya kawaida tu: watoto wanalia, mizigo inafunguliwa, jirani mzee anamkaribisha Louis bia barazani. Halloween yenyewe imo humo. Usiku ule mke wa jirani anashikwa na moyo na Louis anamwokoa. Msomaji mwenye haraka hulalamika kwamba anacheleweshwa. Mimi naona hapo ndipo King anapomkamata, kwa sababu kila ukurasa wa utulivu unamfanya aizoee familia ile kama ndugu zake, na mambo yanapoanza hawezi tena kujitoa.

Lakini simwazimi mtu kitabu hicho bila kumwambia wazi kilivyo: kinaingia ndani kabisa ya msiba wa mtoto. Aliyezika mwana asikiguse. Ukimchagulia mtu mwingine kitabu cha kutisha, uliza kwanza amepitia nini, maana hofu ya kujiburudisha ni kitu kimoja, na kutonesha kidonda ni kitu kingine.

Halafu angalia hofu uliyolelewa nayo. Nimekulia Tanga, na huko mtoto aliyepiga mluzi usiku alinyamazishwa na watu wazima watatu kwa pamoja. Mnyonya damu mwenye joho jeusi hakuwahi kukaa chini ya kitanda changu, hivyo ananifurahisha zaidi ya kunitisha. Ila M. R. James, Mwingereza aliyekuwa msomi wa Cambridge, ana hadithi ya mwaka 1904 iitwayo Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad. Profesa mmoja, mtu asiyeamini mizimu hata kidogo, anaokota filimbi ya kale katika magofu ya pwani, anaisafisha chumbani, kisha anaipuliza. Upepo unaanza kuvuma. Mzaliwa wa pwani yetu hahitaji kuelezwa kwamba hapo pameharibika! Mwili ulinisisimka kabla mwandishi hajafanya lolote, na nimekwisha kuisoma tena na tena, bado inanifanyia vilevile. James alizoea kuwasomea marafiki zake hadithi zake wakati wa Krismasi, ndiyo maana zinapendeza sana zikisomwa kwa sauti. Zimeni taa kubwa, mmoja asome, wengine wasikilize.

Wapo wasioweza kuvumilia damu, nao huniambia kwamba vitabu hivi si vyao. Si kweli. Waanze na The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959. Eleanor amemuuguza mama yake kwa miaka kumi na mmoja, mama amefariki, na sasa amealikwa kwenda kukaa katika nyumba inayosemwa kuwa na mzimu. Safari hiyo anaifurahia, kwa mara ya kwanza amepata jambo lililo lake peke yake. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee zamu ya usiku, na mwanamke aliyemaliza ujana wake kando ya kitanda cha mgonjwa namjua sana. Ndani ya nyumba ile kinachotisha ni milango inayogongwa gizani, na mkono ambao Eleanor anaushika usiku akidhani ni wa mwenzake. Zaidi ya hapo sisemi.

Muda nao uuangalie kwa ukweli. Hapa jimboni Minnesota mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, lakini tarehe 31 Oktoba huzama karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo giza la kusomea lipo la kutosha. Usingizi ndio haba. Mwenye zamu asianze riwaya ya kurasa mia tano wiki ya mwisho. Asome The Tell-Tale Heart ya Edgar Allan Poe, ya mwaka 1843, ambayo ni kurasa chache tu. Anayetamani Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, namshauri asome sura nne za mwanzo, zile za shajara ya kijana Jonathan Harker ndani ya ngome ya huyo mnyonya damu Dracula, kisha apumzike. Ndizo ninazozipenda kuliko sehemu nyingine zote za kitabu hicho. Hizi za zamani zinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Za King na Jackson ziagize maktaba mapema Septemba, kwani Oktoba foleni huwa ndefu.

Kwa Kiswahili, msidanganywe na majina. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, ni riwaya ya upelelezi, na nzuri mno, lakini anayetafuta mzimu atakutana na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa kweli umo katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake aliyezama katika raha na madaraka. Inatisha kwa njia yake, kwa sababu marehemu amekuja kudai hesabu, na kwetu sisi deni la marehemu si mchezo.

Watoto wapewe Goosebumps za R. L. Stine, zilizoanza kutoka mwaka 1992. Sura ni fupi na kila moja inaishia mahali pa kushtua. Wa kwangu hukaa nami sebuleni anaposoma, nami namwacha afunge kitabu akitaka, bila kumwita mwoga.

Na kama tarehe 31 imefika nawe huna chochote mkononi, tafuta The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902. Jipime nayo kwa kile kipimo cha mwanzo: baba na kijana wake wanacheza sataranji, mama anafuma kando ya moto, nje mvua na baridi, na ndani ya kurasa mbili umekwisha kuwapenda wote watatu. Ndipo mgeni anapoingia na kiganja kikavu cha nyani kinachotimiza maombi. Inasomeka kwa nusu saa. Subiri tu watoto wa mtaa wamalize kugonga milango kuomba pipi, ndipo uianze.