Raskazone si pipa la barafu

Nyie mnaomaliza mbio za kasi uwanjani Mkwakwani kisha mnakimbilia kujitosa baharini Raskazone, kuogelea ni raha, ila msiite tiba ya baridi, yaani kukaa kwenye maji baridi sana ili kupunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi. Bahari yetu hapa Tanga ni vuguvugu, nyuzi 25 na zaidi karibu mwaka mzima. Tiba yenyewe inataka nyuzi 10 hadi 15, kwa dakika 10 hadi 15. Ukiitaka kweli, nunua barafu kwa wauza samaki, jaza pipa la maji, ingia hadi kiunoni. Maumivu yanapungua, na kama una mechi kesho inafaa. Lakini kama umenyanyua vyuma ili misuli ijae, achana nayo: baridi ya mara kwa mara hupunguza ukuaji huo.

Mimi kwa hela yangu nachagua kuchuliwa. Dakika 20 au 30, mafuta ya nazi yanatosha. Mchuaji akianza kukukamua kama tui, mwambie apunguze. Wahi siku hiyohiyo, maana maumivu hukolea siku ya pili. Kunyoosha viungo? Kunasaidia kidogo mno. Na usingizi jamani, hizo mechi za Ulaya za usiku ndizo zinazowamaliza.