Blakijaki ya mchujo: tunavyoicheza nyumbani Moshi

Desemba, Wachaga tuliporudi nyumbani, shemeji yangu alipanda kutoka Arusha akatukuta sita tumeshakaa mezani. Akasema hizo ni karata za 21 tu, anazijua, akavuta kiti. Mgao wa nane akatolewa, na hakuelewa kilichomtoa. Nilimwahidi kumwandikia.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa 1994, na 2006 ukaonyeshwa Marekani kwenye televisheni ya CBS. Wanakaa 7, wanacheza migao 30. Baada ya mgao wa 8, wa 16 na wa 25, mwenye mtaji mdogo kuliko wote anatoka. Ukifilisika kabla ya hapo, unatoka vilevile.

Hatua ya 1: Vifaa

Pakiti mbili za karata, toa jokari. Mtaji wetu ni 100,000 kila mtu: harage moja ni 1,000, kifuniko cha soda ni 10,000. Dau la chini 1,000, la juu 50,000. Usitumie mahindi kama mnachezea barazani. Kuku wa mama walishamfilisi mtu. Pesa hatuweki. Anayetoka wa kwanza anaosha vyombo.

Hatua ya 2: 21 ya kawaida

Unamfunga mgawaji kwa kuikaribia 21 kuliko yeye. Ree (A) ni 1 au 11, karata za picha ni 10. Ukipita 21 umekwisha. Mgawaji anaongeza mpaka afike 17, hapo anakaa. Ree na kumi mkononi hulipwa moja na nusu ya dau. Hayo mnayajua.

Hatua ya 3: Alama ya zamu

Sisi tunatumia kikopo cha chumvi. Aliye nacho anaweka dau kwanza na anacheza kwanza, halafu kila mgao kinahamia kwa jirani. Msikisahau.

Hatua ya 4: Kuhesabu migao, na ule wa mchujo

Hapa ndipo tulipoharibu usiku mzima. Mara ya kwanza tulihesabu kichwani. Umeme ukakatika, ukarudi, mmoja akasema huu ni mgao wa 15, mwingine akasema wa 16, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo. Tukaanza upya saa saba usiku. Kwa hiyo mtu mmoja awe na daftari, achore mstari *kabla* ya karata kugawiwa, si baada. Simu msinishauri, niliyempa kazi hiyo alikutwa anajibu meseji.

Kabla ya mgao wa mchujo kila mtu ahesabu mtaji wake kwa sauti. Sasa ndipo unagundua kwamba hushindani na mgawaji. Unashindana na yule mmoja aliye karibu nawe mkiani.

Tuseme mgao wa 16, mimi nina 62,000, shemeji ana 58,000, wengine wote wamepita 80,000. Kikopo kiko kwangu. Naweka 5,000. Yeye anaona, anaweka 10,000. Tukishinda wote, mimi 67,000, yeye 68,000: nimetoka, na mgawaji nimemfunga! Ila tukishindwa wote, 57,000 kwa 48,000, anatoka yeye. Na mara nyingi mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja, kwa sababu mgawaji ni mmoja kwenu nyote.

Geuza zamu: yeye kaweka 10,000 kwanza. Mimi naweka 10,000 ileile, basi. Tukishinda wote au tukishindwa wote, zile 4,000 zangu za mbele zinabaki. Na kama yeye kaongeza karata kwenye 15 akapata nane, mimi nikiwa na 12 sigusi kitu. Watu hawana subira hapa. Wanaona 12 wanaomba karata kama kawaida yao.

Ndivyo shemeji alivyotoka. Alikuwa wa mwisho kuweka, mbele ya dada yangu kwa maharage matatu, akaweka 1,000 "ili asipoteze." Dada alikuwa ameweka 20,000. Mgawaji akapitiliza, wote wakalipwa, na harage lake moja halikumsaidia.

Hatua ya 5: Dau la siri

Kila mtu analo moja tu kwa mchezo mzima. Unaandika kwenye karatasi, unaikunja, na kwetu inafunguliwa watu wakishamaliza kucheza. Wengi wanalitumia mapema kwa mbwembwe. Mimi nalitunza kwa mgao wa mchujo ambao kikopo kitakuwa mbele yangu, maana hapo ndipo walioko nyuma wangeninyemelea.

Hatua ya 6: Mgao wa 30

Mwenye mtaji mkubwa ndiye mshindi. Wa pili hana kitu. Kwa hiyo ukiwa nyuma, usibakize harage la kesho. Weka dau litakalokupitisha mbele yake hata naye akishinda, na kama kima cha juu hakitoshi, weka hicho kima cha juu umwombee apitilize.