Unamleta nyumbani mtoto uliyemuasili nchi nyingine? Jiandae hivi

Wengi tukishapata hukumu ya mahakama inayomfanya mtoto awe wetu kisheria tunaona kazi imeisha, kilichobaki ni kupanda ndege tu. Mi na mume wangu tuliwaza hivohivo. Binti yetu alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu tulipoenda kumchukua, tulikuwa tumehangaika na makaratasi mpaka basi, na ile safari ya kuja nae ndo ikatufungua macho. Wewe unarudi kwenu, yeye anaondoka kwao. Anaacha kitanda, sauti, harufu, lugha, wenzake wote, siku moja tu, tena akiwa na watu aliowajua juzi. Ukiliweka hilo kichwani hata begi utalipanga tofauti.

Tuanze na makaratasi manake yasipokaa sawa hamtoki. Hukumu ya kuasili, cheti cha kuzaliwa, paspoti ya mtoto, viza yake, tafsiri zilizogongwa muhuri, na kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa wa kulinda watoto wanaoasiliwa nchi nyingine, hakikisha una kile cheti cha Kifungu cha 23 kinachothibitisha kwamba mtoto aliasiliwa kwa kufuata mkataba, usikubali kuambiwa kitatumwa baadae, kidai kabla hujaondoka. Kaa chini usome jina lake herufi kwa herufi kwenye kila karatasi, na tarehe ya kuzaliwa pia, kwa sababu herufi moja ikikosewa kurekebisha ukiwa bado hukohuko ni rahisi, ukishavuka mpaka ni kilio. Originali zote zikae kwenye begi la mkononi, sio kwenye mzigo unaoenda chini ya ndege. Piga kila kitu picha ujitumie kwenye email, na fotokopi apewe mzazi mwenzio. Kama unasafiri peke yako, beba barua ya ridhaa ya mwenzio yenye muhuri.

Kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii ni viza ya kupita. Mara nyingi mtoto anasafiri kwa paspoti ya nchi alikozaliwa, sio ya kwako, kwahiyo ule uwanja wa kubadilishia ndege ambao we unapita bila kuulizwa chochote yeye anaweza kutakiwa viza. Angalia kwa paspoti YAKE, kila nchi mtakayogusa. Na tiketi usikate ile isiyobadilishika, karatasi huwa zinachelewa, ukishajua tarehe ya ndege haisogei utajikuta unaharakisha mambo yasiyotaka haraka.

Upande wa afya, omba kadi ya chanjo na majibu ya vipimo vyote alivyofanyiwa, hata kama yameandikwa kwa mkono. Kama kuna nchi njiani inayodai cheti cha homa ya manjano kumbuka chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na watoto chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachomwi, kwahiyo uliza mapema uandikiwe barua. Beba ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha), kipimajoto, dawa ya homa ambayo daktari amekuandikia kipimo chake kulingana na kilo za mtoto. Mwangalie katikati ya vidole na kwenye nywele, upele na chawa ni vitu vya kawaida pale watoto wengi wanapolala pamoja, sio aibu, vinatibika. Halafu panga kabisa miadi ya daktari ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kufika, vipimo kadhaa vitarudiwa, ni kawaida.

Dawa za kumlaza mtoto kwenye ndege mi siziungi mkono. Zile za mafua ambazo watu wanapeana kienyeji zinaweza kumfanya mtoto achangamke badala ya kulala, au akalala usingizi usioeleweka mkiwa mbali na hospitali. Kama daktari hajasema, achana nazo.

Sasa hapa ndo nataka utulie. Kabla hujamtoa kwenye kituo cha watoto anakolelewa kaa na yule mlezi aliyekuwa anamhudumia hasa, sio mkurugenzi wa ofisini, yule anayemuogesha. Muulize analazwaje, taa inawaka au inazimwa, anabembelezwa kwa wimbo gani, maziwa ni aina gani na yanakorogwa mazito au mepesi, akitaka chooni anasema neno gani, akiumwa anafanyaje, anaogopa nini. Andika yote. Ukiruhusiwa mrekodi akiimba ule wimbo. Kama unaweza ondoka na yaleyale maziwa ya siku kadhaa, kubadilisha maziwa na nchi kwa wakati mmoja ni kumtafutia tumbo.

Na nguo jamani. Sisi tulienda na nguo mpya nzuri, tukamvua za kituoni tukamvalisha zetu, tukaona tumempendezesha. Alikaa kimya kabisa. Jioni hotelini nikatoa ile fulana yake ya zamani kwenye mfuko niifue, akainyakua, akaiweka puani, akavuta pumzi, ndo akalia kwa mara ya kwanza. Alilia mpaka usingizi ukamchukua ameikumbatia. Kwahiyo nakuomba, omba uondoke na nguo moja au shuka alilolalia, na USIIFUE. Ile harufu ndo kitu pekee anachokijua kwenye chumba kizima.

Jifunze maneno kumi na tano hivi ya lugha yake. Maji, chakula, chooni, inauma, njoo, pole, tunalala, nipo hapa. Yaandike jinsi yanavyotamkwa uyabandike nyuma ya simu. Ukimwambia "nipo hapa" kwa lugha yake saa nane usiku hata matamshi yakiwa ya kuungaunga anakuelewa.

Siku za kusubiri viza zitumie kwa mazoezi. Huenda hajawahi kupanda gari, kufungwa mkanda, kupanda lifti. Mfungeni mkanda dakika tano mfungue, mpande teksi mzunguko mfupi mrudi. Mzoeshe kubebwa kwa kitambaa au mbeleko, uwanjani utaushukuru mwili wake kuwa karibu na wako.

Kwenye ndege, chini ya miaka 2 mashirika mengi yanamruhusu akae mapajani, akishafika 2 anahitaji siti yake. Kama ni mchanga piga simu mapema uombe kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa kwenye ukuta wa ndani ya ndege, vinakuwa vichache na vina kikomo cha uzito. Mkalishe dirishani au kati yenu, sio njiani ambako kila anayepita anamshika shavu. Maziwa ya mtoto viwanja vingi vinayaruhusu hata yakizidi ile mililita 100 ya vimiminika vya kwenye begi la mkononi, ila yatoe uyaonyeshe, usiyafiche. Ndege ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mwamshe anyonye chupa au atafune kitu, kumeza kunafungua masikio. Nguo beba jozi mbili tatu zake na moja yako, manake kitakachomwagika kitakumwagikia wewe. Kile choo cha ndege kinapiga kelele ya kutisha, mtoe kwanza nje ndo uflashi. Na kama anataka kushika mkate mkononi safari nzima bila kuula mwache, usimnyang'anye, mtoto aliyewahi kugombania chakula anataka tu kukiona kipo.

Akilia sana usione umeshindwa, analia kwa sababu amepoteza vitu vya kweli. Anayenitia wasiwasi mi ni yule asiyelia, asiyeomba, anayekaa popote unapomuweka, watu wanasema "mtoto mpole huyu" kumbe amejifungia ndani. Muongeleshe taratibu, mguse, usimlazimishe akuangalie machoni. Anaweza pia kumshika mzazi mmoja na kumkataa mwingine kabisa, inauma, mume wangu aliinuka akaenda kusimama nyuma ya ndege. Wiki ya tatu ndo binti yetu alikubali kulishwa nae.

Ndugu waambie mapema na kwa upendo, uwanja wa ndege waje wawili tu, maua na kelele zisubiri. Wiki za mwanzo kulisha, kuogesha, kubeba na kulaza ni nyie wazazi peke yenu, bibi asimchukue hata dakika, sio ubaguzi, mtoto anajifunza sura zipi ni zake. Kitanda chake kiwe chumbani kwenu, chakula kifanane na alichozoea, wimbo uleule.

Ile fulana iacheni. Ya kwetu ilikaa chini ya mto miezi minne, ikanuka, ikatoboka, hatukuigusa. Asubuhi moja akaja nayo mwenyewe jikoni nikiwa naosha vyombo, akaiweka kwenye beseni la nguo chafu, akaenda kucheza.