Vioo vya trela vikiamka vimelowa

Ukilala kwenye trela ndogo ya safari usiku wa baridi, ukaamka ukakuta vioo vinatiririka maji, usikimbilie kulaumu mpira wa dirisha. Mara nyingi maji hayo hayakutoka nje. Ni pumzi zenu wenyewe na mvuke wa sufuria, vimegusa kioo baridi vikageuka matone.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ile watu wasiyoipenda: acha hewa ipite. Fungua tundu la paani kiasi cha vidole viwili, na dirisha moja la upande wa pili upenyo tu. Mkisikia baridi ongezeni blanketi, msizibe.

Jiko la gesi ndilo mchawi mkubwa. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 za maji, yote yakiwa mvuke. Pika mlango ukiwa wazi, funika sufuria, na kamwe usilitumie jiko kuota moto (hapo si unyevu tu, kuna na kaboni monoksidi, na hiyo inaua).

Taulo na makoti yaliyolowa yaanike nje. Asubuhi futa vioo kwa kitambaa, ukikamulie nje. Ukikitundika ndani umerudisha maji yaleyale hewani. Halafu inua godoro, upapase chini yake. Mimi nilipasahau msimu mzima, nikaja kukuta madoa meusi ya kuvu kwenye mbao. Siku hizi godoro langu linakaa juu ya chaga.